Mawe Yametoka Makuti: Mashairi ya Wageni juu ya Kisiwa cha Msumbiji

Mwaka 2010 kurasa hizi zilinichapia shairi la beti 12 juu ya Kisiwa cha Msumbiji. Lilikuwa tarbia ya mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho vimetimia, na kibwagizo hakikuyumba tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Wapo waliolighani barazani, na yupo mwalimu mmoja aliyewapa wanafunzi wake walihifadhi. Leo nakusudia kulihakiki shairi hilo pamoja na mashairi matatu ya Kireno yanayokihusu kisiwa hichohicho, na sitalionea huruma langu kwa kuwa ni langu. Tena nitaanza nalo, maana aibu ya mtu ni bora aitangulize mwenyewe.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Urefu wake ni kama kilomita 3, na upana wake haufiki hata nusu kilomita pahala pengi. Kinaungana na bara kwa daraja jembamba la zaidi ya kilomita 3 ambalo gari hulipita kwa zamu, moja likijibanza pembeni ili jengine lipite. Upande wa kaskazini ndio Mji wa Mawe: ngome ya São Sebastião iliyoanza kujengwa mwaka 1558 na kuwashinda Waholanzi walipoizingira mwaka 1607 na 1608, nyuma ya ngome, kwenye ncha kabisa ya kisiwa, kikanisa cha Baluarte cha mwaka 1522, halafu kasri jekundu la São Paulo, forodha, hospitali kubwa yenye nguzo nyeupe, bustani zenye viti vya mawe, na Bustani ya Kumbukumbu inayowakumbuka watumwa waliosafirishwa kutoka pwani ile. Fukwe zimekizunguka kila upande. Hadi mwaka 1898 hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya koloni zima, kabla ya Wareno kuhamia Lourenço Marques, mji uitwao Maputo leo. Na nchi nzima imechukua jina lake kwenye kisiwa hiki, ambacho nacho inasemwa kilichukua jina la mwenyeji wake, Musa bin Biki, aliyekuwapo Wareno walipotia nanga mwaka 1498. Wamakua wakiita Omuhipiti.

Hayo yote nilikuwa nayajua nilipofika mara ya kwanza mwaka 2009, na takriban yote niliyatia ndani ya shairi. Ngome imo. Kasri limo. Ufukwe umo mara nne. Machweo yamo, kwa bahati mbaya, mara tano.

Nilipolisoma tena baada ya miaka kumi na nne niligundua jambo ambalo nadhani litawafaa vijana wanaotunga. Vina vyangu vya mwisho vilikuwa -ni. Sasa, lugha yetu imetujaalia kiambishi cha mahali ambacho kinaweza kuifanya karibu kila nomino ivae kina hicho bila jasho: pwani, ufukweni, mchangani, ngomeni, kasrini, bustanini, machoni, moyoni. Mtunzi akishaingia katika kina hiki hana haja ya kutafuta. Maneno yanajipanga wenyewe kama watu wanaosubiri mgao. Lakini tazama yanayojipanga ni maneno gani. Ni mahali, na mahali, na mahali. Mtu haingii kwa urahisi katika kina cha -ni. Mvuvi haingii, bibi anayeuza mbatata za kukaanga haingii, isipokuwa umgeuze awe mahali, useme "kwa mvuvini", na hapo Kiswahili chenyewe kitakukataa. Matokeo yake, shairi langu lilikuwa na majengo tisa na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi, nimesimama ngomeni natazama machweoni.

Sisemi kina kina makosa. Wakubwa wetu wamekitumia kina hicho wakafanya maajabu. Nasema kwamba kina chepesi huchagua maudhui kabla ya mtunzi, na shairi la sifa za kisiwa ndilo linaloathirika zaidi, kwa sababu mgeni naye huwa tayari ameshachagua hivyo hivyo: kaja kuona mahali.

Nilirudi mwaka 2024, mwezi wa Agosti. Safari hii nilifikia upande wa kusini, kwa mzee mmoja aliyepindukia miaka themanini, ambaye ujanani alikuwa baharia na aliwahi kukaa Unguja na Dar es Salaam. Kiswahili chake kilikuwa safi, na pale kilipopwelea alitia neno la Kinahara, nami nikabahatisha. Usiku wa pili, barazani kwake, nilimghania shairi langu. Alisikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa.

"Sadakta," alisema. "Vina vimekaa. Lakini mwanangu, ulipokuja ile mara ya kwanza, huku hukupita?"

"Nilipita, mzee wangu."

"Basi mbona humu hatumo?"

Asubuhi yake alinishika mkono akanitembeza Makuti. Huu ndio mji wa pili wa kisiwa, na ndiko wanakoishi wengi wa wenyeji. Jina lake msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa, ingawa sasa mapaa mengi ni ya mabati. Kitu cha kwanza kinachomshangaza mtu ni kwamba mji huu uko chini. Unasimama barabarani, na mapaa ya nyumba yako usawa wa miguu yako. Ili uingie mtaani lazima ushuke. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda. Mara ya kwanza niliona jambo hilo, nikalichukulia kuwa ni umbile la ardhi. Mzee alinisahihisha kwa sentensi moja.

"Mawe ya majumba unayoyasifu yamechimbwa hapa tulipo."

Ndivyo ilivyo, na wanahistoria wa majengo wanakubaliana naye. Mji wa Mawe ulijengwa kwa mawe yaliyochimbwa kusini mwa kisiwa, na machimbo yalipomalizika, watu walijenga ndani ya mashimo yake. Kila ukuta mrefu wa kaskazini una shimo lake kusini. Nami nilikuwa nimetunga beti 12 juu ya kuta.

Sasa nije kwa wenzangu wa Kireno. Lugha yao nilijifunza mwenyewe kwa kamusi, redio, na subira ya mabaharia, kwa hiyo anayejua zaidi anisahihishe.

Wa kwanza hakwepeki. Luís de Camões alikaa kisiwani humo tangu mwaka 1567 hadi 1569, akirudi kutoka Bara Hindi. Mwandishi wa tarehe Diogo do Couto, aliyemkuta huko, amesimulia kwamba alikuwa fukara kiasi cha kula kwa fadhila za rafiki zake, na rafiki haohao ndio waliomchangia hata akapata kurudi kwao. Utenzi wake mkubwa, Os Lusíadas, alikuwa nao mikononi, na ulitoka mwaka 1572. Katika wimbo wa kwanza wa utenzi huo meli za Vasco da Gama zinafika kisiwani. Mungu wa hadithi za Kirumi aitwaye Bacchus anajigeuza mzee wa Kiislamu, rafiki wa sheikh wa kisiwa, akamtia maneno ili Wareno waangamizwe. Wanapokwenda kuteka maji wanaviziwa, mizinga inalia, kisiwa kinashindwa.

Ufundi wa Camões hauna ubishi. Beti zake za mishororo minane zimefungwa kama vifundo vya kamba ya jahazi. Lakini msomaji wa pwani akifika hapo hana budi kusimama. Yule mzee ambaye Bacchus amevaa sura yake ni nani? Ni mzee wa barazani. Ni mwenyeji wangu wa Makuti. Katika utenzi huo mwenyeji hana neno lake mwenyewe; anapozungumza vizuri na kwa busara, ni pepo ndiye anayezungumza ndani yake. Na ugomvi wenyewe ni wa maji, katika kisiwa kisichokuwa na mto wala kijito, ambako kwa vizazi na vizazi watu wameishi kwa maji ya mvua yaliyokusanywa birikani. Ndani ya ngome lipo birika kubwa ambalo wanawake wa kisiwa wamelitekea maji kwa miaka mingi kupita kiasi. Nikisoma beti zile nawaza: hivi kwa miaka ile miwili mshairi fukara alikunywa maji ya nani?

Leo sanamu yake imesimama kisiwani, uso kaelekeza baharini. Kisiwa kipo mgongoni pake.

(Alikuja na mwengine, Tomás António Gonzaga, aliyehamishwa kwa nguvu kutoka Brazil mwaka 1792 kwa kosa la kushiriki katika njama za kudai uhuru. Huyu alikuwa bingwa wa mashairi ya mapenzi. Alioa kisiwani katika nyumba iliyotajirika kwa biashara ya watumwa, akafia hukohuko. Mtu aliyefungwa kwa ajili ya uhuru akalala juu ya godoro hilo! Habari zake zinataka makala yake peke yake.)

Wa pili ndiye aliyenitesa zaidi. Rui Knopfli alizaliwa Inhambane mwaka 1932 katika jamii ya walowezi na alifariki Lisbon mwaka 1997. Mwaka 1972, miaka 400 kamili baada ya utenzi wa Camões, alitoa kitabu cha mashairi na picha za kisiwa alichokiita A Ilha de Próspero, yaani Kisiwa cha Prospero. Wasomaji wetu wanamjua Prospero kutoka katika tamthilia ya Shakespeare, ambayo Samuel Mushi aliifasiri kwa jina la Tufani mwaka 1969: bwana mwenye vitabu na uchawi anayekitawala kisiwa cha watu. Kwa jina hilo tu mshairi amekiri mengi. Anajua kwamba kisiwa anachokipenda ni kisiwa cha bwana, na kwamba bwana amekaribia kuondoka. Vita vya ukombozi vilikuwa vimefika mbali, na miaka mitatu baadaye, 25 Juni 1975, Msumbiji ilijitawala. Knopfli naye aliondoka.

Ndani ya kitabu hicho mna shairi liitwalo Muipíti, jina lilelile la Kimakua. Sitalinukuu, nitaeleza linachokifanya. Msemaji anarudi kwenye kisiwa alichokiashiki ujanani, anaona haya kwa vijishairi vyake vya zamani vilivyokuwa na adabu nyingi, kisha anakigeukia kisiwa na kukitukana. Anakiita bango. Anakiita kahaba mzee wa kihistoria, aliyejipaka msiro na kunukia viungo, anayejirembua mbele ya watalii washamba. Na njiani anamtaja Mwenyezi Mungu kwa neno ambalo kalamu yangu haitaliandika.

Nililifasiri shairi hilo mwaka 2011. Nilipolifasiri mara ya kwanza nilifanya mambo mawili. Neno lile juu ya Mungu nililifuta nikaziba pengo kwa maneno yangu. Na neno la kahaba nililibadilisha likawa "bi harusi aliyechakaa", nikajipongeza kwa heshima yangu. Tafsiri ikakaa mkobani, kwani hata hivyo niliogopa kuipeleka popote.

Nataka kueleza kwa nini leo naona kosa langu la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Knopfli anaposema bango, anasema kweli. Mnamo mwaka 1972 aliona jambo ambalo sisi wa visiwa vyengine tumekuja kuliona baadaye sana: kwamba uzuri wa pahala unaweza kubandikwa ukutani na kuuzwa, na kwamba mshairi wa sifa, pamoja na adabu zake zote, ni mmoja wa wabandikaji. Yeye anajitia hatiani kwa vijishairi vyake vya ujanani. Mimi nilipogeuza kahaba kuwa bi harusi niliifuta hatia hiyo. Nilikitoa kisiwa sokoni nikakirudisha harusini, na nikajitoa mimi pia. Mfasiri akilainisha tusi, huenda analinda masikio ya msomaji. Lakini pengine anamlinda aliyestahiki kutukanwa.

Hata hivyo simwachi Knopfli apite. Tusi lake limelenga pabaya. Aliyekibandika kisiwa kwenye bango ni nani? Ni serikali ya kikoloni, ni wenye mahoteli, ni yeye mwenyewe na kamera yake, maana kitabu chake kimejaa picha. Lakini anayetukanwa ni mwanamke mwenye msiro. Na huyo hakubandika chochote. Msiro ni mti unaosagwa juu ya jiwe kwa maji hadi ukawa uji mweupe, na wanawake wa pwani ile huupaka usoni kwa urembo na kwa afya ya ngozi. Bibi zetu hapa walikuwa na liwa, na Wangazija wana msindzano. Asubuhi ile Makuti niliwaona wanawake wameupaka wakiwa wanafagia, wanapepeta mchele, wanapigana na watoto wao waende skuli. Hapakuwa na mtalii hata mmoja kwenye kichochoro kile isipokuwa mimi. Msiro si rangi ya jukwaani. Mshairi aliutazama kwa jicho la bango ambalo yeye mwenyewe alikuwa analilaani, na hili ndilo jambo la kusikitisha katika shairi lenye nguvu kama lile: hasira yake imeona soko, haikumwona mtu.

Kwa hiyo tafsiri nimeirekebisha. Neno kahaba limerudi pahala pake, kwa ukali wake wote, na chini yake sikuweka samahani yoyote. Ama lile neno jengine, nimeacha nafasi wazi kwenye mshororo, upana wa neno moja. Msomaji ataiona. Najua kuna watakaosema kwamba mfasiri hana haki hiyo, na kuna watakaosema kwamba nisingelifasiri kabisa. Wote wawili nimeshabishana nao kichwani, na nafasi bado iko wazi.

Wa tatu ni Jorge de Sena, Mreno aliyeishi uhamishoni Brazil na kisha Marekani kwa kuukimbia udikteta wa nchi yake. Naye alikitembelea kisiwa mwaka huohuo wa 1972, wakati wa kumbukumbu za miaka 400 ya utenzi, na akaandika shairi juu ya Camões kisiwani. Msomaji mwenye staha ajitayarishe. Sena anakataa kumwona Camões katika shaba na taji la majani kichwani. Anamwona kachuchumaa kwenye majabali ya pwani, akijisaidia haja kubwa, mawimbi yakipiga.

Nilipolisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu. Nilidhani ni utovu wa adabu mtupu, na niliandika hivyo pembezoni mwa ukurasa, kwa kalamu nyekundu. Ilinibidi niende Makuti ili nilielewe. Nyumba nyingi za mji huo ziko shimoni, zimebanana, na kwa miaka mingi nyingi kati yao hazikuwa na choo. Watu walikwenda ufukweni alfajiri. Huo ufukwe ninaousema ndio ule uliomo katika shairi langu mara nne. Sena alikuja mgeni kama mimi, akakaa muda mfupi, lakini aliona ufukwe unafanya kazi gani. Akamchukua mshairi mkubwa kuliko wote wa lugha yake, yule ambaye serikali ilikuwa inamsherehekea kwa hotuba na bendera, akamchuchumaza miongoni mwa masikini wa kisiwa ambao kwa kweli alikuwa mmoja wao, aliyekula vya kupewa.

Basi hukumu yangu ni hii, na najua itawaudhi baadhi ya marafiki: katika mashairi manne, hili la haja kubwa ndilo lenye heshima zaidi. Utenzi wa Camões unamfanya mwenyeji kinyago cha pepo. Muipíti linamfanya kahaba. Langu halimtaji. La Sena pekee ndilo linalomweka mgeni mtukufu pale alipo mwenyeji, kwa mkao uleule, bila kumcheka yeyote. Kasoro yake ni kwamba mwenyeji mwenyewe hata humo hasemi. Yupo kama kivuli cha mshairi mkubwa. Lakini kivuli chake kimeonekana.

Ufukwe huo umebeba mengine tangu hapo. Tarehe 7 Aprili 2024, miezi minne kabla sijarudi, mashua ya uvuvi iliyojaza abiria kupita kiasi kutoka Lunga, ng'ambo ya ghuba, ilizama ikielekea kisiwani. Walikufa watu zaidi ya 90, wengi wao watoto. Wakuu wa huko walisema watu walikuwa wanakimbia uvumi juu ya kipindupindu. Mzee wangu alinionesha kwa kidole upande mashua ilikotokea, akanyamaza, na sikumuuliza zaidi. Usiku ule nililitazama shairi langu kwenye mkoba, pale linaposema mchanga mweupe uliolala kwa amani, na nikalirudisha haraka.

Hapa huenda msomaji akauliza kama basi tumekatazwa kusifu. La. Na wala sitaki watu wadhani kwamba nimelazimika kwenda kwa Wareno ili nijifunze kumwona mtu ndani ya nyumba. Sisi wenyewe tunayo Al-Inkishafi, ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Huo nao ni utenzi wa kutembelea majumba ya kale katika kisiwa kidogo, tena majumba ya fahari: mataa ya vioo na ya shaba, vidaka vya kuwekea vyombo vya kauri, kumbi za wakubwa. Lakini mtunzi hakuingia humo kama mgeni. Kila chumba anachokifungua anauliza wako wapi wenyewe, na anawataja watu, anautaja moyo wake, na vidaka anaviona vimekuwa viota. Sifa za majengo zimo, na ni sifa nzuri kuliko zangu, ila zinamwelekea aliyekuwa akiishi mle. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anawalilia jamaa zake. Sisi wa mashairi ya safari hatuna jamaa tunakokwenda. Tunapaswa kuwatafuta, na kutafuta kunataka siku zaidi ya tatu.

Hata hivyo, tukisema kweli, hatukuwa wageni kabisa pale. Twarika ya Shadhiliyya iliingia kisiwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa njia ya Wangazija, na mwanzoni mwa karne ya 20 Qadiriyya iliingia kutokea hapahapa Unguja. Dufu linalopigwa kule katika ngoma ya tufo ni dufu letu. Tufo wanaicheza wanawake, wamevaa sare, wamepaka msiro, wanakaa na kuinuka kwa mpangilio kama wimbi, na nyimbo zao ni za kumsalia Mtume, na nyengine za kuhimiza usafi na kuwaasa vijana. Mwaka 2009 niliwatazama nikaandika ubeti mmoja juu ya rangi za leso zao. Sikuuliza wimbo ulisema nini. Mwaka 2024 niliuliza, na binti mmoja wa mzee alinifasiria kwa Kireno, neno kwa neno, nami nikaandika. Wakati wote huo utunzi wa wenyeji ulikuwa unaimbwa mbele yangu kwa sauti za watu ishirini, na mimi nilikuwa natafuta mashairi ya kisiwa kwenye vitabu vya Lisbon.

Na tusijifanye kwamba haya ni ya Msumbiji peke yao. UNESCO iliposajili urithi mwaka 1991 iliandika Kisiwa cha Msumbiji kizima, mawe na makuti pamoja. Mwaka 2000 hapa kwetu ulisajiliwa Mji Mkongwe. Ng'ambo haikuwamo. Na mashairi yetu yamefuata mpaka huohuo kana kwamba washairi walipewa ramani: milango ya nakshi tunayo kwa mamia, lakini Kikwajuni, Michenzani na Kwa Alinatu zinatajwa katika taarab kwa mafumbo zaidi kuliko katika ushairi ulioandikwa. Waliochonga milango ile walikuwa wanalala wapi?

Nilipoagana na mzee aliniomba kitu kimoja. Alitaka shairi lilelile, lisibadilishwe, ila liongezwe ubeti mmoja wa Makuti, "wa kumi na tatu," alisema, "utatutosha." Nimejaribu mara nyingi tangu wakati huo. Mwezi Machi 2025 kimbunga Jude kilipotua pwani ya Mossuril, kama Gombe kilivyofanya Machi 2022, nilijaribu tena, nikiwa sijapata khabari ya paa lake. Kina cha -ni nimekikataa, na ubeti ukitoka katika kina chengine kibwagizo kinaukana. Nikiuingiza Makuti baada ya machweo yale matano, unaonekana kama mtu aliyekosea nyumba ya harusi. Nimefikiri niuweke mwanzo kabisa, uwe wa kwanza badala ya wa kumi na tatu, ili kila jengo litakalofuata lisomwe kutoka shimoni. Lakini hilo si aliloliomba. Khabari zake nimezipata mwezi wa Mei: yu hai, mabati yamekwenda, na anauliza ubeti umefika wapi.